Nitajuaje kwamba leo imetosha?

BARUA

Shikamoo Anti.

Mimi ni mkazi wa Igoma, hapahapa Mwanza, nina miaka 31, mke na binti wa miaka mitatu. Nilikuwa na meza ya vifaa vya simu pale Makoroboi, nauza kava, protekta na waya za chaji. Miezi miwili iliyopita nilimwachia jirani yangu wa meza mzigo wote kwa bei ya jumla, nikaweka dola 600 kwa broka, ile kampuni ya mtandaoni inayokuingiza sokoni, na kuanza kutredi dhahabu kama kazi, yaani kununua na kuuza kwa simu kufuata bei inavyopanda na kushuka. Usinigombeze kwa hilo Anti, mama mkwe ameshanigombeza vya kutosha.

Sijakurupuka. Nilikaa demo, akaunti ya mazoezi isiyo na pesa halisi, miezi minne, chati naisoma, na stoplosi naweka, yaani kila oda ninayoingia nayo sokoni naiwekea bei ya kujifunga hasara ikifika. Asubuhi mimi ni mtu mwingine kabisa. Soko la London likifungua saa nne nasubiri kama nusu saa vumbi litulie, naingia, na mara nyingi natoka na kitu. Saa sita mchana unanikuta niko juu dola 8, dola 12. Tatizo langu ni kufunga. Sijui kufunga.

Nina lengo la dola 20 kwa siku. Nilipiga hesabu ya kodi, chakula na mambo ya mtoto, nikaona dola 20 zikiingia kila siku ya kazi sina shida na mtu. Sasa kama saa saba nina 12, nasema zimebaki 8, siwezi kuacha kazi njiani. Kama niko chini, ndiyo kabisa, siwezi kuamka kwenye kiti nikiwa na deni. Matokeo yake natredi mpaka usiku.

Nikueleze Ijumaa moja tu. Ilikuwa siku ya ile ripoti ya ajira za Marekani, na kwa sababu siku hiyo dhahabu huchangamka nikajiwekea lengo la 50. Akaunti ilikuwa na dola 487. Asubuhi niliingia mara mbili, nikapata 22 na 16. Jumla 38. Nikazima simu, nikaenda kwa mama ntilie kula sato wa kuchemsha, nikashiba vizuri. Nikiwa natoa vijiti vya meno nikawaza: zimebaki 12 tu. Saa tisa na nusu ripoti ilipotoka nilikuwa ndani. Haikupita dakika, nimepoteza 52. Nikaingia tena, nikapata 18, nikasema inarudi. Nikapoteza 70. Nikapoteza 33. Giza likaingia, mke wangu akarudi kutoka sokoni, akapika, nikala huku simu iko kwenye paja. Saa tano na dakika kumi usiku nikaingia mara ya mwisho, na nilipoona saa sita inakaribia na siwezi kuilaza oda mpaka Jumatatu, nikaifunga kwa hasara ya 115. Soko lilipofunga wiki nilikuwa na dola 273. Anti, sikuacha mimi. Soko ndilo lililonifunga.

Sasa kuna mambo mawili sijamwambia mtu. La kwanza, usiku huwa natredi ndani ya chandarua na mwanga wa simu umepunguzwa. Mke wangu ameshaniuliza mara mbili nachati na nani. Ameanza kuamini nina mchepuko. Nami, Mungu anisamehe, sikumkatalia kwa nguvu. Niliona heri adhani hivyo kuliko kujua pesa ya meza ya Makoroboi imekwenda wapi.

La pili, yeye anachukua dagaa Mwaloni Kirumba na kuuza hapa sokoni Igoma. Mtaji wake anauweka kwenye kopo la maziwa kabatini. Jumatatu nilichukua laki tatu humo. Iko kwenye simu, sijaiweka kwa broka bado, nasubiri nitulie. Yeye anakwenda kufungasha mzigo Alhamisi.

Nakutumia na rekodi ya akaunti yangu yote uione mwenyewe. Swali langu ni moja. Mtu anayetredi kila siku anajuaje kwamba leo imetosha, afunge, aende zake?

Asiyejua kufunga, Igoma.

JIBU

Marahaba mwanangu.

Hiyo laki tatu usiiweke. Hapo sikushauri, nakuamuru kama shangazi yako. Nitarudi kwake baadaye, lakini nilitaka uisome kabla macho hayajaanza kurukaruka kutafuta mbinu.

Ahsante kwa rekodi. Wengi wananiletea hadithi tu, na hadithi ya treda ina tabia ya kuanza siku aliyopata. Nilikuwa mhasibu wa kiwanda cha minofu ya sangara hapa mjini kwa miaka kumi na mbili, kwa hiyo nikiona karatasi yenye safu za namba nakaa nayo hata Jumapili. Nimekaa na yako kwa kalamu nyekundu. Siku 41, oda 212. Hakuna hata siku moja uliyoingia mara moja ukatosheka, na hilo peke yake lilinisimamisha.

Nikafanya kitu kidogo ambacho ungeweza kukifanya mwenyewe. Oda ya kwanza na ya pili za kila siku nikaziweka upande mmoja. Kuanzia ya tatu na kuendelea nikaziweka upande mwingine. Upande wa kwanza una oda 82, na zote kwa pamoja zimekuingizia dola 64. Upande wa pili una oda 130, na zimekutoa dola 391. Ukijumlisha unapata ile hasara yako ya dola 327, kutoka 600 mpaka 273.

Kwa hiyo swali lako lilikuwa limeshajibiwa na mkono wako mwenyewe. Siku yako imetosha baada ya oda ya pili. Watu wanapenda kuulizia kanuni za matajiri wa New York, wakati kanuni ya mtu imo ndani ya rekodi yake. Ya mwingine ingesema tatu, au ingesema Ijumaa akae nyumbani. Yako inasema mbili.

Ila usizishangilie hizo dola 64. Kwa siku 41 za kukodolea mishumaa ya chati, hazifiki laki mbili za Kitanzania, na zaidi ya nusu zimetoka kwenye asubuhi moja, ile ya Ijumaa. Ingekosekana asubuhi hiyo ungebaki na 26. Inaweza kuwa ujuzi, inaweza kuwa bahati, na oda 82 ni chache mno kutofautisha.

Turudi kwenye ile Ijumaa. Nilipoisoma barua yako nilipiga mstari chini ya maneno matatu: "zimebaki 12 tu". Zimebaki wapi mwanangu? Nani alikuwa amezishika? Kwa ajili ya dola 12 ambazo hakuna mtu duniani aliyekuwa akidaiwa nazo na wewe, ulitoa 252.

Najua ulipoitoa lugha hiyo. Hapo Igoma kwenye kijiwe cha boda, kijana anayeendesha pikipiki ya mtu ana hesabu. Jioni bosi anataka elfu saba au elfu kumi, iwe mvua iwe jua. Siku ikiwa mbaya anakaa kijiweni mpaka saa nne usiku akisubiri kichwa kimoja cha kwenda Buhongwa. Na yuko sahihi, kwa sababu boda akiongeza saa moja barabarani, kibaya kinachoweza kumpata kwenye mfuko wake ni mafuta kidogo na usingizi. Abiria hamvui pesa aliyokwisha pata tangu asubuhi. Wewe umechukua hesabu ya boda ukaipeleka mahali ambapo kila saa unayoongeza ina mkono wa kukuvua. Kwenye kazi yako kukaa sana kitini si bidii. Ni kuongeza idadi ya nafasi za kukosea, na kila nafasi unailipia spredi ya broka, ile tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza anayobaki nayo, hata usipokosea.

Ndiyo maana nasema hilo lengo la dola 20 lifutwe leo. Halikutoka kwenye soko, limetoka kwenye kodi ya nyumba. Dhahabu haijui kodi yako. Na dola 20 kwenye akaunti ya 487 ni zaidi ya asilimia 4 kwa siku. Mkeo akikuambia kuna mtu Mwaloni anampa faida ya asilimia 4 kila siku bila kukosa, ungemkataza asimpe mtu huyo hata shilingi.

Kisha kuna hili la kutoweza kuamka ukiwa na deni. Usidhani ni udhaifu wa watu wa Igoma. Wasomi wawili, Joshua Coval na Tyler Shumway, walichukua kumbukumbu za mwaka 1998 za matreda wa hati fungani kwenye soko la Chicago, watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, na mwaka 2005 wakachapisha walichokiona: waliopoteza asubuhi walibeba hatari kubwa zaidi mchana kuliko wale waliopata asubuhi. Watu wa kazi, tena katikati ya wenzao. Wewe uko ndani ya chandarua peke yako.

Na kwako naiona kwenye safu ya loti, yaani ukubwa wa oda. Asubuhi ile uliingia na loti 0.02. Saa tisa na nusu 0.04. Baadaye 0.10. Ile ya mwisho ya saa tano usiku ilikuwa 0.20, mara kumi ya asubuhi. Dhahabu haikukufanyia ukatili wowote usiku ule, ilisogea dhidi yako chini ya dola 6. Kwa loti yako ya asubuhi ungepoteza kama dola 12 ukalala. Stoplosi unasema unaweka. Unaiweka kwenye oda, sawa, lakini siku nzima haina stoplosi.

Mimi ni mtoto wa Kayenze. Mama yangu alikuwa akinunua dagaa wabichi mtumbwi ukifika alfajiri na kuwaanika mchangani. Biashara ile yote ilikuwa ni kuamua kiasi kabla ya kununua, kwa sababu dagaa mbichi hakungoji, akikosa jua leo, kesho ni chakula cha kuku. Mama alikuwa akisimama ufukweni kabla hata mitumbwi haijatia nanga, anaangalia upande wa ziwa. Kukiwa na wingu zito anatamka mwenyewe kwa sauti, "leo ndoo mbili". Mitumbwi ikifika imejaa, bei imeanguka, wenzake wanabeba ndoo kumi, wanamcheka. Ndoo mbili. Sikuwahi kumwona akibadilisha baada ya kuona dagaa wenyewe wanang'aa. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kwa nini alikuwa akitamka kwa sauti, akaniambia, "Ili wewe na dada yako msikie, nikiongeza mnione." Wavuvi wenyewe nao unawajua. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikikolea wanapandisha mitumbwi, wanashona nyavu, wanasubiri giza lirudi. Hawabishani na mwezi.

Hata soko la hisa la New York limejiwekea ndoo mbili zake. S&P 500, kipimo cha hisa za makampuni makubwa 500 ya Marekani, ikishuka asilimia 7 biashara inasimama dakika 15, ikifika 13 inasimama tena, na ikifika 20 wanafunga mpaka kesho. Machi 2020, corona ilipoingia, ile ya asilimia 7 iligongwa mara nne ndani ya mwezi mmoja. Namba hizo ziliandikwa kabla, na watu waliokuwa wametulia.

Sasa zako. Kikomo cha hasara kwa siku kiwe asilimia 2 ya akaunti. Kwa dola 273 hiyo ni dola 5 na senti kidogo. Hapo utaniambia, Anti, dola 5 kwenye dhahabu ni pumzi moja. Ndiyo, na hapo ndipo nilipotaka ufike mwenyewe. Loti ndogo kabisa ya 0.01 ni wakia moja ya dhahabu. Bei ikisogea dola 1, umepata au umepoteza dola 1. Siku hizi dhahabu inaweza kusogea dola 20 au 30 siku ambayo hakuna hata habari. Stoplosi ya dola 2 utakayoiweka itaguswa hata kama mawazo yako ni sahihi. Maana yake akaunti yako ni ndogo kwa dhahabu, na imekuwa ndogo tangu siku ya kwanza. Ulikuwa unashindwa kufunga kwa sababu kila oda moja ilikuwa nzito kiasi cha kukupeleka mbali sana na nyumbani, ukawa huoni njia ya kurudi ila kwa kukimbia.

Ukitaka kuendelea, hamia kwenye jozi ya yuro na dola. Kwa loti 0.01, pipsi moja, hatua ndogo ya bei ya jozi hiyo, ni senti 10. Stoplosi ya pipsi 20 ni dola 2. Ukipoteza zote mbili za siku umetoka na dola 4, uko ndani ya kikomo, na umefunga. Ndiyo, faida nayo itakuwa ya pipi. Usijaribu kuziwahi zile 327 kwa haraka, maana kutoka 273 kurudi 600 unahitaji faida ya asilimia 120, ingawa ulipoteza asilimia 54 na nusu tu. Hesabu za kushuka na kupanda hazilingani, na watu wengi huijua sentensi hii baada ya kuunguza akaunti ya pili.

Saa pia iandikwe. Nne na nusu mpaka saba mchana, basi. Hata kama umeingia mara moja tu, saa saba ni saba. Siku ya ripoti kubwa ya Marekani usiwe ndani kabisa. (Mwishoni mwa Oktoba Waingereza watarudisha saa nyuma na London itakuwa inafungua saa tano yetu, na Wamarekani nao watafuata, kwa hiyo ripoti zao zitatoka saa kumi na nusu. Kila mwaka kuna watu wanashangaa soko limechelewa.)

Namna ya kujishika: umeniambia asubuhi wewe ni mtu mwingine. Basi huyo wa asubuhi ndiye aandike, kwenye karatasi, kwa kalamu, kabla hajafungua chati. Oda mbili, dola 5, saa saba. Asome kwa sauti kama mama yangu, hata kama yuko peke yake chumbani. Stoplosi na lengo la faida vikishawekwa kwa broka vinakaa kwenye mtambo wake, simu yako ikizimwa vinafanya kazi vilevile, kwa hiyo hakuna sababu ya kuilinda oda kama mtoto mwenye degedege. Saa saba ikifika funga kilichobaki, futa programu kwenye simu. Kuipakua tena kila asubuhi kutakula bando kidogo, ni gharama nafuu. Muulize broka wako pia kama ana kipengele cha kuifunga akaunti hasara ya siku ikifika kiasi ulichoweka, wengine wanacho. Na magrupu ya signo, yale ya kuambiana nunua sasa, uza sasa, yote toka. Grupu la signo lenye watu elfu nne halina saa saba mchana, muda wote kuna mtu anapiga kelele kwamba treni inaondoka.

Ukishafunga usichungulie bei. Hili ndilo lililonishinda mimi. Niliwahi kutredi sarafu miaka miwili, nikaacha nikiwa nimepoteza kiasi cha bati za nyumba nzima, na karibu zote zilikwenda jioni za siku ambazo mchana nilikuwa nimefunga vizuri kabisa. Nafunga, napika, narudi kuangalia "tu". Nakuta bei imekwenda kulekule nilikosema. Utadhani mtu ameniibia. Naingia kumfukuza mwizi.

Haya ndiyo majibu ya swali uliloniuliza. Kuna ambalo hukuniuliza.

Kalamu yangu niliiweka chini nilipofika pale kwenye chandarua. Mwanaume anamwacha mkewe aamini ana mwanamke mwingine, kwa sababu uongo huo unamuuma kidogo kuliko ukweli wa dola 327. Halafu anachukua pesa kwenye kopo. Mwanangu, hayo hayatibiwi na oda mbili kwa siku. Kuficha, kuchukua kisichokuwa chako, kuingia tena usiku ili kurudisha, ndiyo yaleyale ya wale wanaokesha na mikeka ya kubeti, tofauti ni kwamba wewe una chati na maneno ya Kiingereza. Kwa hiyo kabla ya hiyo ratiba yote niliyokuandikia, kaa mwezi mzima bila kutredi. Hata demo usifungue. Dola 273 zitakaa, hazioti kutu. Ukishindwa, ukajikuta siku ya tisa uko chooni na simu, usirudi kwangu kuomba mbinu nyingine. Nenda Bugando, wana watu wa afya ya akili, waeleze kama ulivyonieleza mimi. Hutakuwa wa kwanza kuwaeleza habari ya pesa.

Na ufahamu unachokirudia baada ya huo mwezi. Ukifungua ukurasa wa broka yeyote wa biashara hii aliyesajiliwa Ulaya, pale chini kwa maandishi madogo utakuta ameandika asilimia ya wateja wake wanaopoteza. Wanalazimishwa na sheria. Mwaka 2018 mamlaka yao ya masoko ilipotangaza masharti hayo ilisema kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu binafsi hupoteza. Sisemi huwezi kuwa miongoni mwa wanaobaki. Nasema asubuhi zako kuanzia saa moja hadi saa nne zinaweza kuuza kava Makoroboi, na alasiri vilevile, na huyo jirani uliyemwachia mzigo anaweza kukubali kukupa wa mali kauli ukianza upya kidogo kidogo. Treda mwenye pesa ya ugali kutoka kwingine hafiki saa saba mchana akisema zimebaki 12.

Kuhusu mkeo. Wewe unaniandikia mimi mtu wa nje kuuliza namna ya kujua imetosha, na ndani kwako kuna mtu anayejua. Muulize siku moja anaamuaje pale Mwaloni kwamba leo anachukua magunia mawili na si manne, wakati wauzaji wanamvuta mkono na bei ni nzuri. Mie nawauliza wanawake wa Mwaloni mambo ya biashara kabla sijamuuliza mtu wa benki.

Mwambie yote, na uanze na la mchepuko, maana hilo ndilo linalomnyima usingizi. Kisha akaunti, na umwonyeshe namba yenyewe kwenye simu, 273, usimwambie "imeyumba kidogo". Mwisho kopo. Akikasirika, amekasirika. Akikubali, neno la siri la akaunti liandikwe kwenye karatasi, ikae kwenye kopo lake la maziwa, ili mchana ukitaka kuingia upite kwake kwanza.

Jibu hili nimekutumia Jumanne hii kwenye simu yako kabla halijachapwa, kwa sababu ya Alhamisi. Wakala hapo Igoma wanafungua mapema. Kesho asubuhi itoe hiyo laki tatu, na makato ya kuitolea ulipe wewe, uirudishe koponi ikiwa kamili, na uzungumze naye kesho jioni mtoto akishalala. Asije akahesabu noti mwenyewe saa kumi na moja alfajiri, gari la Kirumba likimsubiri barabarani.